Kufundisha nje ya darasa katika shule za umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha shule ya msingi ya umma kwa miaka mingi, na kila nikikaa na walimu wenzangu, wakuu wa shule au wazazi kuzungumzia vipindi vya nje, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa kwa maneno yao, au yanayokaribiana nayo. Majibu ni yangu, na mengine yana ukali kidogo.

Mnaposema "kujifunza nje" mnamaanisha ziara?

La. Ziara huja mara moja kwa mwaka: basi, nyimbo njiani, picha, na wiki ikiisha hakuna anayekumbuka alikwenda kuona nini. Kipindi cha nje ni kipindi cha Jumanne ya kawaida, kimo kwenye ratiba na kwenye andalio la somo, ila sehemu yake inafanyika pale jibu lilipo. Ukifundisha vivuli, vivuli viko uwanjani. Ukifundisha mmomonyoko wa udongo, nenda penye mtaro nyuma ya choo ambako mvua imechimba.

Kipimo changu ni kimoja: je, swali la leo linajibika vizuri zaidi mwanafunzi akiwa ameketi? Kama ndiyo, bakini ndani. Kuchukua kitabu na kwenda kukisomea chini ya mti ni kusoma kitabu kivulini. Siku ya joto hakuna ubaya, lakini usikiandike kwenye ripoti kama kipindi cha nje.

Muda nautoa wapi? Mtihani unakuja na silabasi haijaisha.

Hili huulizwa kabla ya mengine yote, na lina haki yake. Hutaongeza mada hata moja. Chukua mada iliyo mbele yako wiki hii, ambayo ungeifundisha kwa vyovyote vile, ubadilishe dakika 20 za katikati. Kwa kipindi cha dakika 40 mimi hugawa hivi: dakika 5 ndani za kutoa swali na kugawa kazi, 20 nje, 15 ndani za kulinganisha majibu na kuandika. Hizo 15 za mwisho usiziguse. Walimu wengi hukaa nje mpaka kengele inalia, watoto wanarudi wamechangamka na daftari tupu, kisha wanalaumu uwanja.

Mada nyingine zikitolewa nje hufundishwa kwa muda mfupi zaidi. Nilikuwa natumia vipindi vitatu kueleza skeli ya ramani. Sasa wanafunzi wanapima uwanja kwa hatua, wanauchora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 5, na vinatosha vipindi viwili.

Darasa langu lina wanafunzi 60. Unatania?

Sitanii, na nitakusimulia aibu yangu. Mara ya kwanza nilitoka na zaidi ya 50 kwenda kutazama sisimizi. Sikuwa nimeweka mpaka wala makundi, na nilikuwa na swali lisiloeleweka: "Angalieni sisimizi wanafanya nini." Baada ya dakika saba watano walikuwa getini, wengine wanakimbizana, na mwalimu wa darasa la jirani amesimama dirishani akinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Sisimizi walikuwa wameingia ndani ya ardhi wote.

Nilichojifunza ni kwamba idadi si tatizo kama kila mtoto ana kazi mkononi. Makundi ya watu sita: mpimaji, msaidizi wake anayeshika upande wa pili wa kamba, mwandishi, mchoraji, mtunza muda, na mtunza vifaa ambaye pia hurudisha hesabu ya watu wake. Kazi zizunguke kila kipindi, la sivyo mwenye mwandiko mzuri ataandika mwaka mzima. Mpaka uonekane kwa macho: mti ule, ukuta huu, nguzo ya bendera. Ishara ya kurudi iwe moja, filimbi au makofi ya mdundo fulani, na ifanyiwe mazoezi siku mbili kabla bila somo lolote. Ndiyo, toka nje, piga filimbi, rudi ndani, basi. Watoto wataona kama mchezo, nawe utakuwa umeokoa mwaka wako.

Swali nalo liwe dogo na lenye jibu la kuandikika. "Hesabuni sisimizi wanaovuka uzi huu kwa dakika mbili, kwanza bila chembe ya sukari, kisha mkiwa mmeiweka." Hapo hata mkorofi wa darasa hupiga magoti.

Hesabu nazo zinafundishwa nje?

Hesabu ndizo zinazofaidi kuliko yote, na ndizo husahauliwa. Nitoe mifano ninayoitumia mwenyewe.

Urefu wa mti. Simamisha fimbo ya mita 1 na upime kivuli chake, kisha pima kivuli cha mti saa ile ile. Fimbo ikitoa kivuli cha mita 0.8 na mti ukitoa cha mita 6.4, mti una mita 8. Uwiano, ambao ubaoni huwa ni namba zinazoning'inia hewani, unasimama mbele yao na majani yake. Acha kundi moja lipime jua likiwa limesogea baada ya nusu saa: vivuli vyote viwili vitakuwa vimebadilika, jibu la mti litabaki karibu lile lile. Uliza kwa nini. Nyamaza.

Maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Wanafunzi wapime msingi wa jengo la darasa, wapate eneo ambalo paa linafunika, kisha wakadirie. Paa linalofunika mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 10, lingejaza lita 2,000 kama tone lisingepotea. Hapo eneo, ujazo na kuzidisha desimali vimekutana, na kuna mtoto atakayeuliza kwa nini shule haina tangi. Jibu la hilo mpelekee mkuu wa shule.

Makadirio. Tandaza fremu ya kamba ya mita 1 kwa mita 1 mahali kumi tofauti bila kuchagua, hesabu mimea ya aina moja ndani yake, tafuta wastani, zidisha kwa eneo la uwanja. Hivyo ndivyo wanaikolojia wanavyofanya kazi. Watoto watashangaa majibu ya makundi hayafanani, na kutokufanana huko ndiko kunakofungua mada ya takwimu.

Na kwa darasa la juu, ukipata mwalimu rafiki katika shule iliyo mbali kaskazini au kusini mwenu, mnaweza kurudia kazi ya Eratosthenes, msomi wa Kigiriki aliyekadiria mzingo wa dunia katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwa kulinganisha jua la adhuhuri katika miji miwili ya Misri, Aleksandria na Siene. Kila shule ipime pembe ya jua kwa fimbo wima pale kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, siku moja. Shule zikiwa zimeachana kilomita 333 kwa mstari wa kaskazini-kusini, tofauti ya pembe itakaribia digrii 3. Duara lina digrii 360, yaani mara 120 ya hizo, na 120 mara 333 ni 39,960. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia unakaribia kilomita 40,000. Tahadhari moja: jua likiwa katikati yenu, kivuli kimoja kikaelekea kaskazini na kingine kusini, pembe hujumlishwa badala ya kutolewa. Gharama ni fimbo mbili na simu.

Na lugha? Historia?

Lugha ni rahisi. Mpe kila mtoto jani moja alielezee kwa maandishi bila kulitaja jina, kisha majani yote yachanganywe mezani na mwenzake alitafute kwa kusoma tu. Aliyeandika "ni la kijani na ni zuri" ataona mwenyewe kwamba maneno yake hayamsaidii mtu. Sijapata zoezi jingine linalofundisha vivumishi kwa ukatili mtamu namna hiyo.

Historia: majengo ya shule yenyewe, jiwe la msingi lenye tarehe, majina ya mitaa inayozunguka shule, mzee anayekumbuka eneo lilivyokuwa kabla ya ukuta. Waende wakiwa na maswali yaliyoandikwa.

Shule yetu ni saruji tupu. Hatuna mti hata mmoja.

Mna jua, upepo, kuta, mvua, mianya ya saruji yenye mimea isiyopandwa na mtu, na mtaa nje ya lango. Pima joto la saruji juani na kivulini. Chora kwa chaki ukingo wa dimbwi baada ya mvua, kila nusu saa, uone linavyokauka. Hesabu magari au watembea kwa miguu kwa dakika kumi ukiwa ndani ya uzio, upate data ya kuchora grafu ambayo haikutoka kitabuni. Sauti pia: mwanafunzi mmoja apige vibao viwili vya mbao akiwa mita 170 kutoka kwenu, na kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, mtaona mikono ikigongana kabla ya kusikia. Kama uwanja ni mfupi, barabara tulivu iliyonyooka hutosha, mkiwa na mtu mzima kila upande.

Vifaa vinagharimu kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kamba yenye mafundo kila mita, futikamba moja au mbili, vipande vya katoni vya kuwekea karatasi pamoja na mipira ya kubania, chupa ya plastiki iliyokatwa kuwa kipimamvua (chagua yenye kuta zilizonyooka), chaki, penseli. Penseli, kwa sababu kalamu hugoma karatasi ikilowa. Kama una fedha ya ziada, nunua kipimajoto na dira.

Wakitoka nje wanadhani ni mapumziko.

Ni kweli, mwanzoni. Wamefundishwa hivyo: ndani ni kazi, nje ni mchezo au ni adhabu. Hilo la adhabu tulitazame vizuri. Katika shule nyingi mtoto aliyechelewa ndiye hupewa jembe, naye aliyepiga kelele hung'oa majani. Halafu siku moja tunamwambia yule yule atoke akafurahie udongo. Hatuwezi kupata vyote viwili. Mkitaka vipindi vya nje vishike, kazi ya bustani na ya kufyeka iache kuwa adhabu kuanzia leo, kwa walimu wote na si kwa yule anayependa mazingira peke yake.

Kuhusu fujo: baada ya kipindi cha nne au cha tano hupungua sana. Anayeacha baada ya kipindi cha kwanza hajui alichokikosa, nami nilikaribia kuwa mmoja wao.

Usalama je? Mtoto akiumia ni mimi nitakayeulizwa.

Ndiyo, ni wewe, kwa hiyo fanya mambo yanayoonekana. Tembea eneo lenyewe peke yako asubuhi hiyo, usitegemee kumbukumbu ya wiki iliyopita: vioo, misumari, mashimo, mzinga wa nyuki, matawi yaliyokauka yanayoning'inia. Hesabu watoto wakitoka na wakirudi. Mjue mwenye pumu na mwenye mzio wa kuumwa na wadudu, na dawa zao zitoke nanyi badala ya kufungiwa ofisini. Sanduku la huduma ya kwanza libebwe. Mkuu wa shule ajue mko wapi, na mkivuka lango pawe na idhini ya maandishi na mtu mzima wa pili.

Watoto wasipenyeze mikono mahali wasipopaona: chini ya mawe, ndani ya mashimo, kwenye rundo la kuni. Wasionje chochote. Wanawe mikono kwa sabuni wakirudi.

Kwenye radi sina mjadala. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, mnaingia ndani ya jengo, hamsimami chini ya mti, na hamtoki tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkiwa ndani mnaweza kuhesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, kila tatu zikiwa karibu kilomita moja. Kipindi hakijapotea.

Jua kali: pangeni mapema asubuhi, maji yawepo, kofia ziruhusiwe hata kama hazimo kwenye sare.

Mwanafunzi wangu anatumia kiti cha magurudumu. Mwingine haoni.

Basi eneo lichaguliwe kwa kuwaangalia wao kwanza, na wengine watawafuata huko. Kosa la kawaida ni kumpa mtoto huyo kazi ya "kutunza daftari" kivulini wakati wenzake wanapima. Njia yenye uso mgumu uliosawazishwa, meza moja iliyoinuliwa ya kupandia mimea, na kamba yenye mafundo yanayohesabika kwa vidole hufungua mengi. Mtoto asiyeona mara nyingi ndiye anayewatajia wenzake ndege wangapi wanalia na wako upande gani. Muulize yeye mwenyewe anachohitaji kabla ya kuwauliza watu wazima.

Sijui majina ya mimea wala wadudu. Nitaonekana mjinga.

Sema hujui. Kisha mwambie mwanafunzi achore, aandike mahali na saa, na swali lipate nafasi kwenye karatasi ya "Bado tunatafuta" ukutani. Mara nyingi jibu huja kesho yake kutoka kwa bibi wa mtu.

Kuna ushahidi wowote, au ni mapenzi yenu tu?

Nitaanza na ulio imara, ambao wengi hawautarajii: macho. Mjini Guangzhou, China, watafiti waliongeza kipindi cha nje cha dakika 40 kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule 12 za msingi, wengine wakaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya waliotoka nje walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 ya wenzao. Taiwan ilikuwa tayari imeanza mwaka 2010 kuhimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku kwa sababu hiyo hiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga: darasani mara nyingi hauvuki luksi (kizio cha mwanga) mia kadhaa, nje mchana huvuka 10,000, na mwanga huo unaelekea kuzuia jicho lisirefuke kupita kiasi.

Watoto pia hutembea zaidi siku wanazosomea nje. Hilo halihitaji mtaalamu. Kuhusu alama za mtihani, ningekushauri usimwahidi mtu. Nimeona darasa likipanda na nimeona darasa likibaki pale pale. Ukiwauzia wazazi vipindi vya nje kama dawa ya kufaulu, muhula mmoja mbaya utatosha kuvifuta.

Huu si mtindo mpya wa nchi tajiri?

Comenius, mwalimu wa karne ya 17, tayari alisisitiza watoto waanze na vitu vyenyewe kupitia hisi zao kabla ya maneno kuhusu vitu hivyo. Rabindranath Tagore alifungua shule yake Santiniketan, India, mwaka 1901, na masomo yakafanyika chini ya miti. Charlottenburg, jirani na Berlin, ilifungua shule ya msituni mwaka 1904 kwa ajili ya watoto dhaifu, zama ambazo kifua kikuu kilikuwa kinaogopwa na hewa safi ndiyo ilikuwa tiba, na shule za namna hiyo zikaenea nchi nyingi. Norwe na Denmark leo kuna walimu wengi wa shule za umma wanaotenga siku ya nje kila wiki au kila wiki mbili. Na kabla ya hao wote, mtoto alijifunza kulima, kuvua na kuchunga akiwa nyuma ya mkubwa wake. Kilicho kigeni ni kuketi saa sita.

Wazazi wanalalamika sare zinachafuka.

Wasikilizeni, anayefua si ninyi. Tangazeni siku ya nje mapema, siku ile ile kila wiki, na ruhusuni nguo kuukuu au ya michezo siku hiyo. Mwiteni mzazi anayelalamika zaidi aje asimamie kundi moja. Wengine hugeuka kuwa watetezi wenu, wengine la.

Naweza kutoa alama kwa kazi ya nje?

Toa, lakini si kwa usafi wa mchoro. Tazama vitu vitatu: je, kipimo kina tarehe, mahali na kizio? Je, mwanafunzi ametenganisha alichokiona na alichokidhania? Je, anaweza kueleza kwa nini jibu la kundi lake limetofautiana na la jirani? Daftari moja la nje kwa mwaka mzima lina thamani kuliko karatasi kumi zilizotawanyika.

Mimi ni mkuu wa shule. Mnataka nifanye nini?

Vipindi viwili vinavyofuatana kwenye ratiba, walau mara moja kwa wiki kwa kila darasa. Kivuli: turubai, au miti iliyopandwa leo kwa watakaokuja. Ukikagua andalio la somo, kubali neno "uwanjani" bila kukunja uso. Na usimkabidhi mwalimu mmoja mpenda mazingira mzigo wote, kwa sababu akihamishwa, bustani hufa naye. Nimeona vitalu vizuri vikigeuka maegesho ya pikipiki ndani ya muhula mmoja.

Jambo la mwisho kwako: toka na darasa moja wewe mwenyewe, ushike upande wa pili wa kamba.

Nianze na nini wiki hii?

Fimbo. Isimamishe uwanjani saa tatu asubuhi, weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, andika saa kwa chaki. Rudieni kila saa mpaka saa tisa, watoto wawili wawili wakitoka kwa zamu huku wengine wakiendelea na masomo. Kabla ya kijiwe cha mwisho, waulize kesho saa tatu kivuli kitaangukia wapi, na baada ya miezi miwili je. Waandike makisio yao, uyatie kwenye bahasha, uifunge.